Yeye ana Julai, mimi nina Desemba

Mkimbizi huisimulia habari yake mara nyingi kabla hajafika popote. Unaisema kwa HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, siku ya kuandikishwa, unairudia kwa wanaoandaa kesi za kuhamia Marekani, kisha unakaa mbele ya afisa wa uhamiaji anayetazama kompyuta na kukuuliza kwa nini zamani ulisema mlivuka ziwa usiku na leo unasema alfajiri. Ukishapita hapo, habari yenyewe si yako tena, ni faili. Yangu niliijua kama mtoto anavyojua Baba Yetu. Niliisema bila chozi, na watu wa ofisini wakaridhika kwamba niko imara.

Nawaandikia wenzangu waliotoka kambi za Lugufu, Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au Dzaleka, wakafika salama, ila usingizi haukufika nao.

Mimi ni Mbembe wa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini ya Uvira, mashariki mwa Kongo. Vita vya pili vilipoanza Agosti 1998 nilikuwa na miaka 10. Kati ya tarehe 30 Desemba mwaka ule na tarehe 2 Januari 1999, askari waliua mamia ya watu Makobola na vijiji vya jirani. Baba na kaka yangu mkubwa, niliyemwita Yaya, walirudi nyuma kufuata mbuzi na chakula. Mama, mdogo wangu wa kike na mimi tukaingia kwenye mtumbwi. Hatukuwaona tena, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba aliwaona, wakiwa hai wala wakiwa maiti. Hapo panatosha. Mengine nimeshayaeleza kwa wanaolipwa kusikiliza.

Ikafuata Kigoma, kisha kambi ya Lugufu, na ilipofungwa mwaka 2009 tukahamishiwa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Nilikulia kambini, nikasoma kwa Kifaransa mtaala wa Kongo katika nchi ambayo bila kibali hutoki nje ya eneo la kambi, nikazaa watoto wawili. Baba yao aliteremka Afrika Kusini kutafuta maisha, na simu zake zikakatika. Mwaka 2015 na 2016 Wamarekani walikuwa wakichukua Wakongo wengi kutoka Nyarugusu, nami nikapita 2016 pamoja na watoto na mdogo wangu. Mama alibaki. Sababu ni kadi ya familia tu: tangu Lugufu jina lake liliandikwa kwenye kadi ya shangazi yangu, kwa hiyo machoni pa ofisi hakuwa wa familia yangu. Kesi yake ikaanza kwenda peke yake, na Januari 2017, rais mpya aliposimamisha mapokezi ya wakimbizi, ikasimama. Kama kuna mtu mnayekula naye chungu kimoja lakini jina lake liko kwenye kadi nyingine, lishughulikieni kabla ya intavyu ya kwanza. Mkishaanza kuitwa, kuunganisha kesi ni kazi kubwa, na kila kosa la herufi katika jina linawarudisha nyuma.

Tulitua Nashville, Tennessee, tukapelekwa kwa gari zaidi ya saa moja kaskazini hadi Bowling Green, Kentucky. Mji si mkubwa. Una chuo kikuu, una kiwanda cha magari ya Corvette, na una wakimbizi wengi kuliko mtu anavyotarajia kuwakuta katikati ya mashamba ya mahindi. Wabosnia walitangulia miaka ya 1990, wakaja Waburma, tukaja sisi.

Wiki za mwanzo unapelekwa kliniki. Nilipewa karatasi ya maswali 15, wanaiita RHS-15, kwa Kiswahili, na picha za mitungi kuanzia mtupu hadi uliojaa. Wanauliza kama unaumwa mwili, kama unawaza kupita kiasi, kama unashtuka ukisikia kishindo. Unachagua mtungi. Nilichagua mtupu kila mahali, kama karibu wote niliosafiri nao, kwa sababu wajuaji wa kambini walikuwa wametuambia mwenye kichwa kibovu hurudishwa. Si kweli. Umeshaingia, na karatasi ile kazi yake ni kukutafutia daktari. Ukiijaza kwa uongo, hakuna atakayekuuliza tena mpaka uanguke.

Mkopo wa tiketi ya ndege wa IOM, shirika la uhamiaji, nao haumrudishi mtu. Hauna riba. Bili huanza kuja baada ya miezi kama sita, na ukishindwa na kiasi walichopanga unapiga simu wakupunguzie cha kila mwezi. Kinachoumiza ni kunyamaza. Nimeona jirani aliyezificha zile bahasha chini ya godoro, na siku ya kukodi nyumba nyingine akakuta jina lake limeharibika kwenye rekodi za madeni.

Kazi ya kwanza ilikuwa kiwanda cha kuku, zamu ya usiku, karibu saa nzima barabarani kwa gari la kuchangia mafuta. Kiwanda kile kimejengea Wakongo wengi nyumba huko walikotoka, sitakitukana. Lakini mtu aliyeona tuliyoyaona asisaini kabla hajauliza atawekwa upande gani. Kufungasha ni jambo moja. Mimi niliwekwa karibu na wanakotundika kuku wangali hai, chumba chenye mwanga hafifu ili ndege watulie, halafu mnyororo unapita nao, miguu juu. Sakafu ina maji na damu, kuna baridi, kuna kelele hadi mnazungumza kwa ishara. Hakuna aliyeniuliza kama ninaweza, nami sikujua kwamba mtu anaweza kuulizwa.

Nilipokuwa narudi alfajiri, ndani hakulaliki. Nilikaa kwenye ngazi za nje na koti langu la kazi, watoto wakiwa wamelala na mama yao mdogo, nikitazama magari. Nyumba ya kwanza kuwasha taa ilikuwa ile ya matofali upande wa pili wa uzio. Aliishi mama mtu mzima, Mbosnia, kitambaa kichwani, soksi za sufu ndani ya kandambili. Wajukuu zake walimwita Nana, na mimi baadaye nikamwita hivyohivyo.

Alfajiri moja alitoka na sinia, akazunguka uzio, akaliweka kwenye ngazi na kuketi hatua moja chini yangu. Kahawa nzito ndani ya kibirika cha shaba chenye mpini mrefu, vikombe visivyo na mkono kama vya wauza kahawa wa Kigoma mjini, na vipande vya sukari. Ile sukari haikorogwi. Unachovya ncha, unang'ata kidogo, kisha unapitisha kahawa juu yake. Akanionesha. Tukanywa. Akachukua sinia lake akarudi kwake. Kesho yake akaja tena.

Hakuniuliza natoka wapi. Asingeweza: Kiingereza changu kilikuwa salamu na namba, na chake, pamoja na miaka yake yote Marekani, kilikuwa cha dukani na cha hospitali. Sasa naona kwamba hiyo ndiyo iliyoniokoa. Kwa mara ya kwanza tangu utoto nilikuwa nimekaa na mtu asiye na njia ya kuniomba habari yangu. Watu wa kanisa letu walikuja kunifariji kwa moyo mwema, lakini faraja yao ilianza na maswali na kumalizika na ushauri, na ukimjibu mmoja Jumapili, Jumatano habari imefika hadi kwa Wakongo wa Lexington. Waliniambia nisamehe. Nimsamehe nani? Sikuwa na jina hata moja.

Msimu wa pilipili hoho alinipungia mkono niende gereji kwake. Kulikuwa na magunia ya hoho nyekundu. Tulizichoma hadi ngozi ikawa nyeusi, tukazimenya, tukazisaga, tukazipika na mafuta kwa saa nyingi zikawa ajvar, kitu wanachopaka mkate mwaka mzima. Mikono ilinuka moshi siku kadhaa. Alianza kuniita kona, kama majirani wanawake wanavyoitana kwao. Mimi nikampelekea sombe, yaani kisamvu, na bugali. Alionja, akatikisa kichwa polepole, akaenda kuleta chumvi.

Mwaka uliofuata akanipa kipande cha ardhi kando ya uzio. Nikapanda lenga-lenga, mboga ambayo hakuna Mkongo asiyeijua, na Watanzania huiita mchicha. Huku Kentucky ndugu yake wa porini ni gugu linalosumbua wakulima. Asubuhi moja nimetoka kazini nakuta Nana amenisaidia: tuta zima limeng'olewa na kupangwa vizuri kando ya njia, yeye amesimama anafuta jasho, anasubiri ahsante. Nilicheka hadi nikakaa chini. Mdogo wangu alitoka nje kuangalia kuna nini, maana hakuwa amesikia sauti ile tangu Nyarugusu.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa kahawa na kicheko tu. Julai ile ya 2017 mlango wa Nana ulifungwa. Ilianza tarehe 4, siku ya uhuru wao, fataki zinalipuka mtaa mzima hadi usiku wa manane na mimi nimelala sakafuni bafuni na watoto. Asubuhi hakutoka. Siku zikapita, pazia limeshushwa. Nikabisha, nikasikia nyayo, hakufungua. Nilijua nimemkosea. Mkimbizi ni mwepesi wa kujihukumu: labda ni mboga, labda watoto wangu wana kelele, labda amechoka na mtu mweusi kwenye uzio wake.

Mkamwana wake ndiye aliyeniambia, kwa Kiingereza cha taratibu, tumesimama barabarani. Nana anatoka kijiji cha karibu na Srebrenica. Tarehe 11 Julai 1995 mji ule uliangukia mikononi mwa jeshi la Waserbia wa Bosnia, ingawa Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza eneo salama na kulikuwa na kikosi cha Waholanzi pale. Wanawake na watoto wadogo walipakiwa kwenye mabasi. Wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa ndani ya siku chache. Nana alipanda basi. Mume wake na mtoto wake wa kwanza walichukua njia ya msituni kuelekea Tuzla.

Sikumpa pole kwa maneno. Nilipika, nikaweka sufuria mlangoni, nikaondoka. Siku ya tatu sufuria ilikuwa kwenye ngazi zetu, imeoshwa, ndani mna kipande cha mkate wao wa unga mwembamba wenye nyama. Kahawa ikarudi.

Jikoni kwake, kwenye friji, palikuwa na kalenda. Siku moja ya vuli niliweka kidole juu ya 30 Desemba, nikakipitisha hadi ukingoni, nikafungua karatasi, nikaendelea hadi 2 Januari. Sikusema kitu. Alichukua kalamu akapiga mstari juu ya siku zote nne. Usiku wa mwaka mpya, fataki zilipokaribia, alikuja kwetu na kilo za unga, akafunga mapazia, akawasha televisheni kwa sauti kubwa, akanikalisha mezani tukande na kunyoosha unga hadi ukawa mwembamba kama kitambaa. Kila kilipopiga kishindo alipiga meza kwa kiganja, kwa hasira, kama anayemkaripia mbwa. Watoto wakaanza kumuiga. Tulikula saa nane za usiku.

Tangu hapo tumegawana kalenda. Yeye ana Julai, mimi nina Desemba. Kama unaishi na mtu wa namna yetu, mume, mke, mzazi, usianze kwa kumtaka asimulie. Jua tarehe zake. Kuna watu wanaonekana wana hasira za bure au uvivu kila mwaka majira yaleyale, na ukihesabu nyuma unakuta kuna siku.

Lakini urafiki si dawa ya kila kitu, na hapa nataka niwe mkali kidogo. Mwaka 2018 nilianguka kiwandani. Niliamka kwenye gari la wagonjwa nikiwa nashikilia mkono wa mtu nisiyemjua na sitaki kuuachia. Vipimo vya moyo vilikuwa safi. Daktari akanituma kwa mshauri wa afya ya akili, na kiwanda kilikuwa kimenipa bima ambayo kwa kila kikao ilinitaka dola 30 za mfukoni. Kwa mtu anayetuma pesa Nyarugusu, dola 30 ni mengi. Nilienda kikao cha kwanza, na mkalimani aliyeletwa alikuwa mtu tunayesali naye. Nikasema nalala vizuri, nakula vizuri, nikatoka. Sikurudi.

Nana alijua nimekataa, sijui alijuaje. Alikuja na mkoba wake mweusi, akaupekua kwa muda, akatoa kichupa cha vidonge chenye karatasi ya duka la dawa, jina lake juu yake. Akanyoosha kidole kwenye kichupa, kisha kwenye kichwa chake, kisha akaonesha vidole kuhesabu miaka, akamaliza mkono mmoja akaanza wa pili. Mwanamke huyu ninayemuona mwamba, anayesali mara tano, anayelima, anayechoma hoho. Nikamuuliza, unalala? Akageuza kiganja huku na huku: kidogo. Bora.

Nilirudi. Mambo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema ni haya. Hospitali au kliniki inayopokea fedha za serikali inatakiwa ikupe mkalimani bila malipo. Unaweza kumkataa yule unayemfahamu na kuomba wa simu kutoka jimbo jingine. Wale wa simu hutaja namba yao, wala huhitaji kujua wao ni nani, na ukiona hamuelewani omba anayejua Kiswahili cha Kongo. Usimtumie mtoto wako kamwe. Mwanangu aliwahi kumtafsiria daktari maumivu ya tumbo langu akiwa na miaka tisa, akakaa wiki nzima akinichungulia usiku kama bado napumua. Tena, waulize wanaopanga miadi kama wana bei ya wenye kipato kidogo. Sikujua ipo. Nilipouliza, dola 30 zikawa 10.

Vidonge vya kwanza vilinifanya nizunguke kichwa, vikabadilishwa. Mshauri alinifundisha, mshtuko ukija, kutaja vitu vitano ninavyoviona, vinne ninavyoweza kugusa, na kuteremka hivyo hadi kimoja. Niliona ni mchezo wa chekechea. Unafanya kazi. Pia ni yeye aliyeandika barua, kiwanda kikanihamishia upande wa kufungasha. Barua ya ukurasa mmoja, baada ya miaka miwili ya mnyororo ule.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021 kimbunga kiliipiga Bowling Green. King'ora cha mji kilianza kulia, simu zikapiga kengele zote kwa pamoja, na miguu yangu ikafanya ilichofundishwa mwaka 1998: nikawavuta watoto kuelekea mlangoni tukimbie nje, tukajifiche vichakani. Hicho ndicho kitu kinachoua watu katika kimbunga. Simu ikaita. Nana alikuwa anapiga kelele, Bafuni! Bafuni, kona! Tukaingia bafuni, godoro juu yetu, na muda si mrefu nje kukawa na ngurumo isiyokatika. Waliotoka nchi za vita wajue hili: king'ora huku si ndege za kivita wala si amri ya kukimbia. Unateremka chini kabisa ya jengo, chumba cha ndani kisicho na dirisha, unalinda kichwa. Uliza siku ya kwanza unapohamia, chumba hicho ni kipi.

Nyumba zetu zilisalimika. Mitaa mingine ya mji ilifagiliwa, na katika wilaya yetu walikufa watu zaidi ya 15. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa familia za Wabosnia, jamii ambayo Nana anaijua nyumba kwa nyumba. Alipata baridi ya mwili, hakuweza kushika kikombe. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii, mimi ndiye niliyekuwa najua la kufanya. Kwetu msiba tunaujua. Nilichukua likizo isiyo na malipo, nikaenda naye nyumba za wafiwa, nikavua viatu mlangoni, nikakaa sakafuni na wanawake wao, nikaosha vyombo, nikabeba maji, nikanyamaza. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Siku ya pili mama mmoja alilala begani kwangu, mtu nisiyejua hata jina lake.

Ni baada ya siku zile Nana alinieleza habari ya mifupa. Lugha ilikuwa imetosha kufikia hapo, Kiingereza chetu kibovu cha aina moja. Wauaji walikuwa wamerudi na matingatinga kufukua makaburi ya halaiki na kuhamishia maiti mahali pengine ili kuficha, kwa hiyo mtu mmoja aliweza kupatikana vipande katika makaburi mawili au matatu. Ndugu waliobaki walitoa damu, maabara ikalinganisha vinasaba, na watu karibu 7,000 wamerudishiwa majina yao hivyo. Kila tarehe 11 Julai waliotambuliwa mwaka huo huzikwa Potočari, karibu na Srebrenica, majeneza yamefunikwa kitambaa cha kijani. Mume wake alipigiwa simu kwanza: sehemu ya mguu na nyonga. Waliomba uamuzi wake, azike au asubiri vipatikane vingine? Alisubiri miaka, kisha akazika alichokuwa nacho. Mtoto wake hajapatikana.

Nikamuuliza, ulipozika ulipona? Alinitazama kama nimeuliza upuuzi. Akasema hapana. Akasema sasa ana pa kukasirikia.

Sisi wa Makobola hatuna maabara. Tuna aya moja katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, ile inayojulikana kama Mapping, iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili nchini Kongo kati ya 1993 na 2003. Niliisoma kwa Kifaransa kwenye simu wakati wa mapumziko kazini. Hakuna kesi iliyotoka humo kwa ajili yetu. Basi nikaamua tuwafanyie baba na Yaya matanga, miaka yote hiyo baadaye, bila miili.

Mama alikataa. Kwenye simu, mtandao wa Nyarugusu ukikatika na kurudi, alisema ukimlilia mtu ambaye hujaona maiti yake, unamfungia mlango. Nilibishana naye vibaya. Mjomba wangu aliyeko Afrika Kusini akasema natafuta sifa za Kizungu. Mwishowe mama alitoa sharti: kwanza niwatafute kwa njia ya serikali, kwa karatasi. Nikaenda Msalaba Mwekundu. Wana huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana vitani, ni bure, wanashirikiana na wenzao walioko Kongo na Tanzania, na habari zako hawaipi uhamiaji. Andaeni majina yote mtu aliyowahi kuitwa, jina la baba na mama yake, kijiji, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Mimi nililazimika kurudi kwa mama kuuliza jina la babu, na maongezi yale, ya majina tu, yalikuwa ndiyo marefu zaidi tuliyowahi kuwa nayo kuhusu baba.

Jibu halijaja. Mwishoni mwa Desemba 2022 mama akasema, fanyeni, ila ombi lisifungwe.

Tulikodi ukumbi wa kanisa nusu siku. Pamoja na nyama, mchele, soda na pesa niliyotuma ili mama naye apikie majirani zake Nyarugusu, nilitumia kama mshahara wa wiki tatu, na sehemu nilikopa. Nana alikuja na sinia mbili. Mchungaji alipoomba, yeye aliinua viganja vyake viwili mbele ya kifua, akasali ya kwake kwa sauti ya chini. Wapo waliokunja uso. Mchungaji wetu, ambaye kwa mengi hatupatani, aliongeza sala yake kidogo ili amalize pamoja naye.

Kuna mtu mwingine aliyekuja ambaye sikumwalika. Tunafungasha naye kuku meza moja, ni Munyamulenge, Mtutsi wa milima ya kwetu Kongo, na watu wake na Wabembe wamepigana miaka mingi. Wanaojua historia ya Fizi na Itombwe wanajua kwa nini kwa miaka mitatu tulikuwa tunapeana mkasi bila salamu. Alileta kreti ya soda, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango. Baadaye, nikimsindikiza kwenye gari, aliniambia kwamba alikuwa Gatumba, kambi ile ya Burundi walikouawa wakimbizi wa Kinyamulenge, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004. Hakuongeza neno. Sijui kama tutakuwa marafiki. Kuna Wabembe ambao tangu siku ile hawanisalimii, na nadhani kuna Wanyamulenge ambao hawamsalimii yeye. Ila Agosti ikifika namwachia mahali pa kukaa karibu na dirisha, na namfanyia sehemu yake ya kubeba maboksi.

Mama bado yuko Nyarugusu. Kesi yake ilisogea kidogo, na tangu Januari 2025 imesimama tena pamoja na za wengine wengi. Nana amehamia kwa mkamwana wake, mtaa wa pili, magoti yake hayawezi ngazi. Pilipili tunachomea huko. Kazini msimamizi alikuwa akiniuliza kila mwaka kwa nini naomba likizo wiki ya pili ya Julai wakati sikukuu ya taifa imeshapita. Siku hizi anasaini tu.